Tao la Tatu la Daraja la Chemaru

Nilipokuwa mtoto, nilijua kuziba pua kabla sijajua kusoma. Njia yetu ya shule ilipita kando ya daraja la reli, na pale darajani palinuka. Haikuwa harufu ya matope wala ya majani yaliyooza. Ilikuwa harufu nzito, yenye utamu fulani wa kuchefua, ya aina inayomfuata mtu hadi darasani na kukaa naye ndani ya sweta. Tulipita pale mbio, pumzi tumezishika, mashavu yamevimba. Na tulipowauliza wakubwa kinachonuka ni nini, walitujibu kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa wa aibu: ni yule mtu aliyezikwa ndani ya nguzo.

Sasa nina watoto walio chuoni, nyumba yangu iko Kiamunyi, pembeni mwa mji wa Nakuru, na bado sielewi jinsi watu wazima, wenye akili zao na mashamba yao, walivyoweza kunijibu hivyo. Maiti gani huoza miaka yote ile ndani ya jiwe? Hakuna aliyeuliza.

Mto wetu uliitwa Chemaru. Ni mto mdogo unaoteremka kutoka msitu wa Mau, upande wa Elburgon, na wakati wa kiangazi mtu huuvuka bila kulowesha magoti. Lakini umejichimbia bonde refu, na wajenzi wa reli walipofika ukingoni hawakuwa na la kufanya ila kujenga daraja. Walilijenga kwa mawe: matao matatu makubwa, kila jiwe limechongwa likakaa juu ya mwenzake kama meno mdomoni. Waliochonga walikuwa mafundi wa Kihindi. Waliochimba na kubeba walikuwa watu weusi waliotolewa kwenye mashamba ya masetla, wengine kwa hiari ya njaa, wengine kwa amri. Mto wenyewe ulipita chini ya matao mawili. Tao la tatu, lililo upande wetu, lilikuwa kavu isipokuwa wakati wa mafuriko.

Siku hizo treni bado zilipita sana. Treni ya mizigo ilipokuwa juu ya daraja, vyombo vya Cucu vilitetemeka kabatini, naye alikuwa akinyamaza hadi ipite, hata kama alikuwa katikati ya neno. Cucu ni nyanya yangu, mama yake baba. Alizaliwa katika bonde lile lile, kwenye vibanda vya wafanyakazi, na wakati ninaokumbuka alikuwa mjane mwembamba, mkali, mwenye mgongo ulionyooka kuliko wa binti zake.

Hadithi ya daraja ilisimuliwa hivi. Matao yalijengwa yakaanguka, yakajengwa tena yakaanguka. Ndipo fundi mkuu akamwambia Mzungu kwamba mto unataka mtu. Wakamkamata kijana mmoja kati ya wabeba mawe, wakamsimamisha ndani ya nguzo akiwa hai, wakamjengea juu yake. Daraja likasimama. Tangu hapo lina njaa, na kinywa chake ni lile tao la tatu. Mtu hapiti chini yake, hachungulii, hatupi jiwe.

Nilipokua niligundua jambo ambalo hadi leo linanichefua. Kwetu Wakikuyu, kijana wa nguzoni alikuwa Mluo. Kwa majirani wetu Wakalenjin alikuwa Mkikuyu. Waluo wa kambi ya reli walisema ni Mkipsigis. Kila kabila lilimzika mtu wa kabila lingine, na wote wakalala vizuri.

Msimuliaji bora kuliko wote alikuwa Mzee Gathogo. Alikuwa na bucha pale sentani, kwenye maduka ya kijiji, na alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kushika kikapu cha sadaka na kuwatuliza watoto kwa kuwakazia macho. Shamba lake lilipakana na reli na kuteremka hadi mtoni, juu kidogo ya daraja. Alikuwa mnene, mcheshi, na vidole vyake vilikuwa laini kwa mafuta hata siku ya Jumapili. Alipenda kutukusanya watoto baada ya ibada na kutuambia jinsi alivyosikia, kwa masikio yake, mtu akikohoa ndani ya tao la tatu. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono.

Cucu hakusimulia hadithi ile. Yeye alikuwa na neno lake moja tu, alilokuwa amelirithi kwa mama yake, na alilisema bila kuliongezea chumvi: daraja likinuka, mtu hufa. Alitukataza kunywa maji ya chini ya daraja. Alitaka maji ya kwake yatoke kwenye chemchemi ya juu, karibu na msitu, mwendo wa kuchosha miguu hata ya mtu mzima. Wake wa wanawe walimwona msumbufu. Walisema ni uzee.

Mwaka ninaousimulia, mvua za vuli hazikuja. Kufikia Januari mahindi yaliyobaki shambani yalikuwa makaratasi, na vumbi la Njoro lilikuwa likipanda hadi kwetu alasiri na kuigeuza milima ya Mau kuwa kivuli. Visima vilikauka. Mto ulipungua ukawa kamba ya maji kati ya mawe. Mzee Gathogo alikuwa ameweka ua wa waya hadi ukingoni, kwa hiyo wanawake hawakuweza kuchota juu ya daraja bila kukanyaga shamba lake, na yeye hakupenda watu shambani mwake. Wakaanza kuchota chini ya daraja.

Shangazi yangu Njoki alikuwa mmoja wao. Tulimwita Tata. Alikuwa ameachana na mumewe huko Molo, akarudi kwa mama yake na binti mmoja, Mumbi, msichana mwenzangu wa rika moja. Tulilala kitanda kimoja. Mumbi alikuwa na mwanya na alicheka kwa kukoroma kama mbuzi, na mimi nilimwiga mpaka mwalimu akatutenganisha darasani. Tata alikuwa akifanya vibarua kwenye mashamba ya pareto tangu alfajiri, na jioni miguu yake haikuwa na safari nyingine ndani yake. Siku moja Cucu alimkuta akimimina maji ndani ya mtungi wa kunywa, akayanusa, akamuuliza ameyatoa wapi.

"Mtoni, mama," Tata alisema. "Hiyo ingine ni mbali. Nimechoka."

"Chini ya daraja?"

"Kila mtu anachota huko."

Cucu aliyamwaga. Walinuniana. Kesho yake Tata akachota tena pale pale, akaficha mtungi wake nyuma ya kitanda chetu, kwa sababu alikuwa mwanamke mzima na alikuwa amechoka kuambiwa afanye nini. Simlaumu. Nilikuwa nikiyaona maji yale. Yalikuwa na utando juu, mwembamba, unaong'aa rangi za upinde kama mchuzi uliopoa. Mimi sikuyanywa, si kwa busara, ila kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuchukia kila kitu kinachonuka. Mumbi alikuwa na kiu.

Alianza kuumwa na tumbo Jumatatu. Wiki ilipofika katikati alikuwa akihara damu, na chumba chetu kilikuwa na harufu ile ile ya darajani, kana kwamba kitu kile kilikuwa kimetufuata nyumbani. Nakumbuka nilivyotoka kulala jikoni kwa Cucu. Nakumbuka macho ya Mumbi yakiwa makubwa mno usoni, na jinsi alivyoomba maji, akapewa, akaomba tena. Cucu alipouona ule mtungi nyuma ya kitanda, alimbeba mtoto mgongoni, mwanamke wa umri ule, akapanda naye hadi barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali Nakuru. Tata alikuwa mbele akisimamisha malori. Mumbi alifia pale pale kando ya lami, mchana kweupe, magari yakipita.

Kabla hata kaburi halijachimbwa, kijiji kilikuwa na jibu. Daraja limekula. Watoto wengine pia walikuwa wagonjwa, kwa hiyo daraja lilikuwa bado na njaa. Wazee wakakaa, na Mzee Gathogo akasimama mbele yao akasema kwamba yeye ni mtu wa Mungu na hapendi mambo ya kale, lakini watoto wanaisha. Akajitolea kondoo. Watu walimshukuru hadi wengine wakatokwa na machozi.

Jumamosi baada ya mazishi tulikwenda wote darajani. Wazee walimchinja kondoo juu ya nyasi, wakapaka damu kwenye jiwe la nguzo, wakachukua uchafu wa tumboni, ule wa kijani, wakaurusha kuelekea tao la tatu bila kulikaribia. Harufu mbichi ilichanganyika na ile ya siku zote. Kisha moto ukawashwa na nyama ikachomwa, maana nyama haitupwi. Mzee Gathogo ndiye aliyekata. Alimkatia Tata Njoki ini, kipande cha heshima, akamwekea kiganjani, akamwambia ale apate nguvu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mafuta yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Tata alikula. Alikuwa hajala kitu kwa siku kadhaa, na alikuwa akitafuna huku akilia, na sisi watoto tulikuwa tukimtazama.

Cucu alikuwa amesimama kando, shuka lake limefungwa begani. Hakupaka damu, hakula. Ghafla alianza kutembea kuelekea tao la tatu. Mtu mmoja alimwita. Mwingine alifanya kama anataka kumfuata, akaishia kwenye kivuli cha daraja kana kwamba pana ukuta. Cucu aliinama, akaingia kinywani mwa daraja, na sisi tukasubiri.

Alitoka kinyumenyume, akivuta kitu kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, na alikuwa akipumzika kila baada ya hatua chache. Alikivuta juu ya nyasi hadi karibu na moto, katikati ya watu waliokuwa na nyama mdomoni, akakiachia. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, imekunjwa na kufungwa kwa waya, na ndani yake mlikuwa na matumbo na kichwa. Ilikuwa ikitembea. Nikiwa mtoto niliona kwanza kwamba ilikuwa ikitembea, kisha nikaona mabuu. Yalikuwa meupe, manene, yakimwagika kwenye mikunjo ya ngozi kama wali unaofurika sufuriani.

"Huyu ndiye mtu wenu wa nguzoni," Cucu alisema. "Ndani kuna wenzake, wamejaa mpaka juu. Wengine ni wa wiki hii. Maji yanawapitia chini kwa chini yakienda pale mnapochota."

Hakupaza sauti. Alimtazama Mzee Gathogo.

"Uliwaambia watoto umesikia mtu akikohoa. Ni wewe ulikuwa humo."

Mzee Gathogo alijipangusa kidevu. Alisema mbwa ndio wanaoburuta vitu, kila mtu anajua mbwa wa reli. Alisema mama huyu ana uchungu wa mjukuu na tumwombee. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo kuhusu watu ambalo ningependa kuwa nimechelewa kulijifunza. Walinyamaza. Mwanamume mmoja alikwenda kutapika kwenye vichaka. Wengine waliangalia chini. Wengi wao, nilikuja kuambiwa baadaye, walikuwa wakijua kwamba Gathogo hununua ng'ombe wanaokufa na kuwachinjia kwake nyuma bila kuwaonyesha bwana mifugo, kwa sababu nyama yake ilikuwa rahisi na wao walikuwa wakiila. Walijua mabaki lazima yaende mahali. Hawakutaka kujua ni wapi. Na mzee mmoja, namkumbuka kwa kofia yake, alitupa jicho kwenye ile ngozi, akasogea upande usio na upepo, akaendelea kutafuna.

Tata Njoki hakutazama ngozi. Alikuwa akimtazama mama yake. Alisimama, akatema ini lililokuwa mdomoni, akaziba masikio kwa viganja na kupanda njia ya nyumbani peke yake, haraka, karibu kukimbia. Cucu alimfuata kwa macho. Nadhani ni wakati ule alipogundua amesema nini mbele ya binti yake. Uso wake ulibadilika, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Cucu na jirani yetu mmoja, Mama Chebet, walirudi siku iliyofuata na mafuta ya taa na matawi makavu, wakayachoma yaliyokuwa mle. Moshi ulikuwa mweusi na wenye mafuta, ulitanda bondeni hadi jioni. Hakuna mwanamume aliyekuja kusaidia. Lakini baada ya hapo watoto walianza kuingia kwenye tao la tatu kucheza, kwa sababu palikuwa na kivuli tu na masizi, na Gathogo akakosa pa kuficha mabaki yake. Alichimba shimo shambani kwake. Bucha haikufungwa. Mchungaji alikuja kumwomba Cucu awe na roho ya msamaha; Cucu akampa chai, akampa viazi, msamaha hakumpa. Gathogo alikufa miaka mingi baadaye kitandani kwake, kwenye mashuka safi, na siku ya mazishi yake watu walisimulia jinsi alivyotoa kondoo wake mwenyewe kuokoa kijiji. Nilikuwa pale. Nilitoka nje nikatema mate.

Habari ya kweli ya daraja Cucu aliniambia mara moja tu, nikiwa msichana mkubwa, tukimenya viazi. Baba yake aliitwa Ngotho, na alikuwa mbeba mawe. Hakuna aliyejengewa ndani ya nguzo, alisema. Kambi ya wabeba mawe ilikuwa imewekwa chini ya kambi ya ng'ombe wa mikokoteni na chini ya vyoo vya wasimamizi, na maji yote yaliteremkia kwao. Kambi ilipoanza kunuka, watu walianza kuhara, na waliohara walikufa, Ngotho akiwa mmoja wao. Kazi haikusimama. Walizikwa ndani ya tuta la reli kwa sababu udongo pale ulikuwa tayari umechimbuliwa, bila jina wala alama, na reli ikapita juu yao. Mama yake Cucu alibaki na mimba na neno lile moja la kumwachia mtoto. Nilimuuliza kwa nini basi watu walibuni kijana wa nguzoni. Alimenya kiazi chote kabla ya kujibu.

"Mtu mmoja akichukuliwa na mto, hiyo ni hadithi," alisema. "Watu wengi wakiachwa kwa mavi, nani atataka kuisimulia?"

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu Mwangi kuona mahali nilipokulia. Daraja bado lipo, zuri hata, mawe yake yameota kuvu za manjano. Vijana wa pale wamelifanya kuwa kivutio. Maharusi huja kupigwa picha. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua alikuwa akiwazungusha wageni kutoka mjini, akiwaonyesha nguzo, akiwaambia waweke sikio kwenye jiwe. Wasichana walipiga mayowe ya raha. Kisha akatugeukia, akamsalimu Mwangi, halafu mimi.

"Niaje boss. Mathe, karibu. Humu ndani kuna msee alizikwa akiwa hai."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kuhusu Ngotho na wenzake, na mahali walipo, ndani ya tuta ambalo yeye mwenyewe alikuwa amesimama juu yake. Alinisikiliza kwa adabu, hilo nampa. Halafu akatabasamu, kama mtu anayejua kinachowafurahisha wageni.

"Sasa mathe, hiyo story ya kuhara haiwezi bamba watu."

Nilihisi ule utamu mzito ukinipanda kooni, ingawa pale hapakuwa na kitu kinachonuka tena. Mwangi alinishika mkono tukaondoka.

Tulipitia kwa Tata Njoki. Ni mzee sasa, anaishi kwenye nyumba ya Cucu, na anaona kwa jicho moja. Alimpapasa Mwangi uso, akamuuliza kama tumetoka darajani. Mwangi alisema ndiyo. Tata akamwambia, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba, kwamba asikae sana pale, maana daraja lile lilimchukua binti yake.

Mwangi alinitazama. Alikuwa amesikia habari yote njiani, na yeye ni kijana wa kupenda ukweli, anausomea chuoni. Niliona mdomo wake ukifunguka. Nikatikisa kichwa.

Kwa sababu kama si daraja, ni nani? Gathogo, ndiyo. Wale wazee waliotafuna, ndiyo. Lakini mtungi uliokuwa nyuma ya kitanda chetu uliletwa na mkono ule ule uliokuwa ukimpapasa mwanangu shavu. Tata ameishi miaka yote hii chini ya uongo uliomficha mchinjaji, na uongo huo ndio unaomwezesha kulala. Unanitia kichefuchefu. Sijapata namna ya kumvua Gathogo vazi lile bila kumwacha Tata uchi. Cucu aliivuta ile ngozi mchana mbele ya watu, na tangu siku ile hadi alipokufa hakulitaja tena jina la Mumbi mbele ya binti yake.

"Ni kweli, Tata," nilisema. "Hatutakaa sana huko."

Akaridhika. Akainuka polepole kututengenezea chai.